Mkuu Anapotazama kwa Kiza: Maana na Asili ya Msemo Mmoja wa Kiingereza

Wahenga walinena: akufukuzaye hakwambii toka. Mwenye nyumba aliyechoshwa na mgeni hamwambii aondoke. Huanza kufagia uani mapema kuliko desturi, huwagombeza watoto kwa kosa dogo, na chakula cha mchana huchelewa kuiva. Mgeni anayezijua desturi za nyumba hiyo huelewa, akafunga mzigo wake. Asiyezijua hubaki kivulini akisubiri chakula.

Leo tungependa kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya jambo linalofanana na hilo, ila hili latoka katika Kiingereza, lugha ambayo majalada yetu mengi huandikwa kwayo. Nalo ni msemo wa kuonyesha kutopendezwa: "take a dim view". Ni maneno manne mafupi. Sisi wenyewe tuliwahi kuyatumia bila kufikiri, yakamletea koplo mmoja hati ya mashtaka, na raia mmoja akavunjika mkono.

TANGAZO LILILOTOKA JINJA

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa luteni mpya, jasho la chuo cha ukadeti halijatukauka bado. Tuliwekwa katika ofisi ya mkuu wa kikosi mjini Jinja, kazi yetu ikiwa ni kuandika barua na matangazo. Kombania moja ya kikosi hicho ilikuwa imepiga kambi karibu na Mbale. Malori yaliyopeleka vyakula na vifaa yalitoka Jinja asubuhi, yakapita Iganga na Tirinyi, yakafika Mbale alasiri au usiku kwa kadiri ya hali ya barabara. Madereva waliochelewa walikuwa na tabia ya kuyaacha magari kando ya barabara, nje ya lango la kambi, hadi kulipopambazuka.

Habari hizo zilipomfikia mkuu wa kikosi, alituita akatuambia kwa Kiingereza kwamba hapendezwi nazo, nasi tuandike tangazo. Kwa kuwa tulikuwa vijana tulioona fahari kwa Kiingereza chetu, hatukuandika kwamba jambo hilo limekatazwa. Tuliandika kwamba "The Commanding Officer takes a dim view of vehicles parked on the roadside at night." Tukapiga mhuri, tukatia saini, tukaona tumeandika kama waandikavyo mabwana wakubwa. Tangazo likapelekwa Mbale, likabandikwa ubaoni.

Aliyesimamia magari huko alikuwa koplo mmoja mwenye bidii, Kiswahili chake safi, na Kiingereza chake cha shule ya msingi. Hakulipuuza tangazo. Aliazima kamusi, akalitafsiri neno baada ya neno. "Dim" aliliona kuwa ni chenye kiza, kisichong'aa. "View" akaliona kuwa ni mwono, yaani kile ambacho jicho hupata linapotazama. Akaunganisha, akapata maana hii: mkuu wa kikosi hayaoni vizuri magari yanayoegeshwa kando ya barabara usiku.

Ndugu msomaji, hebu jiweke mahali pa koplo huyo. Ukiambiwa kwamba mkuu wako hayaoni magari vizuri usiku, utafanya nini? Bila shaka utafanya aliyoyafanya yeye. Aliwaamuru vijana wake wapake chokaa kwenye pembe za malori. Akaagiza kandili mbili kwa kila gari, moja mbele na moja nyuma. Akakata matawi ya miti, akayapanga barabarani kama wafanyavyo madereva wa Uganda gari linapoharibika. Kisha akaandika ripoti fupi: amri imetekelezwa.

Malori yakaendelea kulala kando ya barabara. Usiku mmoja wa upepo, kandili ya gari la mwisho ilizimika. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli, mkungu wa matoke ukiwa umefungwa nyuma, alilivaa lori hilo gizani, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia. Siku tatu baadaye koplo alishtakiwa kwa kutotii amri.

MSEMO HUU UMETOKA WAPI?

Kabla hatujaeleza mwisho wa kesi hiyo, yafaa tuuchambue msemo wenyewe, maana aujuaye ugonjwa ndiye ajuaye dawa.

Neno "dim" ni la kale sana katika Kiingereza. Lilikuwamo katika lugha hiyo kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, na tangu hapo maana yake ni kiza au mwanga hafifu. Neno "view" lilikuja baadaye kutoka Kifaransa, nalo mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuona. Ukipita Mbale asubuhi ya masika, ukainua macho kuutazama mlima Wanale huku ukungu umeufunika, wauona mgongo wake tu na maporomoko yake hayaonekani. Huo ndio "dim view" kwa maana ya jicho, na koplo wetu hakukosea katika maana hiyo.

Lakini "view" lina maana ya pili, nayo ni maoni au msimamo wa mtu juu ya jambo. Hata katika Kiswahili neno "mtazamo" lina sura hizo mbili: twaweza kusema mtazamo wa macho, na twaweza kusema mtazamo wa Serikali juu ya kilimo. Basi Mwingereza anaposema kwamba ana "dim view" ya jambo fulani, hasemi kuwa macho yake yana ukungu. Asema kwamba akilitazama jambo hilo kwa akili yake haoni nuru ndani yake, haoni jema wala tumaini. Kwa Kiswahili cha kawaida: halimpendezi hata kidogo.

Msemo huu ulipata nguvu miongoni mwa askari. Ulienea katika majeshi ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, hasa katika jeshi la anga, ambako marubani vijana walikuwa na lugha yao ya mzaha na ya kupunguza makali ya mambo. Hatari waliiita usumbufu, na hasira ya mkubwa wakaiita mtazamo wenye kiza. Vita vilipokwisha, msemo ukatoka kambini pamoja na askari waliorudi uraiani, ukaingia maofisini, mahakamani, na katika barua za wakuu wa shule.

Hapo ndipo penye mtego. Maneno ni laini, lakini yakitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo hayana ulaini wowote. Kamanda anaposema kwamba ana "dim view" ya ulevi kazini, haombi wala hashauri. Ametoa onyo la mwisho, na hatua inayofuata ni mashtaka.

NDUGU ZAKE MSEMO HUU

Kiingereza kina misemo mingi ya namna hiyo. Mtu akisema kwamba jambo fulani limeinua nyusi, maana yake ni kwamba watu wamelistaajabia kwa ubaya. Akisema kwamba mwenzake amempa bega baridi, maana yake ni kwamba amempuuza makusudi. Msemo huo ulionekana katika riwaya ya mwandishi wa Scotland, Walter Scott, iliyotoka mwaka 1816. Na askari wa zamani wa Uingereza walisema kwamba mwenzao "amepelekwa Coventry" pale walipokubaliana kutosema naye, hali mwenyewe yumo kambini akila nao meza moja. Coventry ni mji wao wa katikati ya nchi, lakini aliyepelekwa huko hakupanda gari wala treni.

Upo pia ule wa kidole gumba kuelekezwa chini, ambao leo kila mtoto aujua. Watu husema ulianza katika viwanja vya Roma ya kale, ambako watazamaji waliamua kama mpiganaji aliyeshindwa afe au aishi. Mshairi wa Kirumi, Juvenal, alitaja kugeuza kidole gumba, lakini hakueleza kiligeuzwa kuelekea wapi. Mchoraji Mfaransa, Jean-Léon Gérôme, ndiye aliyekionyesha kikielekea chini katika picha yake ya mwaka 1872, na dunia ikamfuata. Kwa hiyo hata ishara tunayodhani haina utata ilihitaji mtu wa kuifafanua.

Wala tusiwacheke Waingereza. Kiswahili nacho kina njia zake za kuonyesha kutopendezwa bila kutamka. Twaguna, twasonya, twabenua midomo, twakunja uso, twakata jicho. Mgeni asipofundishwa, atayapata wapi maana ya hayo? Tuseme mama mmoja wa Mbale afika kituo cha polisi akieleza kwa Kiswahili kwamba jirani "alinikata jicho" sokoni. Askari anayeandika maelezo akitafsiri neno kwa neno kwa Kiingereza, hakimu atakayeyasoma ataona kwamba jirani alichukua kisu akamjeruhi mama huyo machoni. Ataulizia fomu ya daktari! Kumbe jirani alimtazama kwa dharau tu. Hivyo ndivyo mtu awezavyo kulala rumande kwa kosa la mkalimani.

LUGHA MBILI KATIKA KAMBI MOJA

Koplo na tangazo letu hawakukutana kwa bahati mbaya. Majeshi yetu yamerithi lugha mbili. Kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902, Waganda, Waacholi, Walango, Waiteso, Walugbara na wengine walijikuta katika mstari mmoja wa gwaride, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Maofisa wa Kiingereza walitakiwa kujifunza lugha hiyo ili waweze kuwaongoza. Batalioni ya 4, ambayo ndiyo iliyokuwa ya Uganda, ilipigana Burma mwaka 1944 ikiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na miaka iliyotangulia uhuru makao yake yalikuwa hapa Jinja. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962, batalioni hiyo ikawa msingi wa jeshi la taifa jipya.

Katika historia hiyo, amri za uwanjani mara nyingi zilitolewa kwa Kiswahili, bali majalada ya ofisini yaliandikwa kwa Kiingereza. Askari aliitii lugha moja, akashtakiwa kwa nyingine. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mambo ya kufurahia. Hata hivyo sheria haiwezi kuingia katika kila ofisi ikamshika mkono kila luteni anayeandika tangazo. Kazi hiyo ni ya luteni mwenyewe.

MTO IMJIN, 1951

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni la magari na kandili tu. La hasha. Katika vita vya Korea, mwezi wa Aprili 1951, Brigedi ya 29 ya Uingereza ilikuwa ikiulinda Mto Imjin, ikizidiwa mno kwa idadi na majeshi ya China. Batalioni ya kwanza ya kikosi cha Gloucestershire ilizingirwa juu ya kilima. Inasimuliwa kwamba mkuu wa brigedi, Brigedia Tom Brodie, alipoulizwa hali na mkubwa wake Mmarekani, Meja Jenerali Robert Soule, alijibu kwa msemo wa Kiingereza ulio laini, wenye maana kwamba mambo yananata kidogo.

Mwingereza angemwelewa mara moja: tunaangamia. Mmarekani aliyasikia maneno kama yalivyo, akadhani kwamba hali ni ngumu lakini yastahimilika, wala hakuona haja ya kuwarudisha nyuma au kuwaongezea nguvu kwa haraka. Batalioni ile ikashikilia kilima chake hadi tarehe 25 Aprili. Ni watu wapatao 40 tu wa kundi la mwisho waliopenya wakarejea kwa wenzao, na zaidi ya 500 wakatekwa. Wote wawili, aliyesema na aliyesikia, walikuwa wasemaji wa Kiingereza tangu kuzaliwa. Ikiwa hao waliweza kupotezana, je, luteni wa Jinja na koplo wa Mbale?

SIKU YA KESI

Tuliitwa Mbale kutoa maelezo, maana saini iliyokuwa chini ya tangazo ilikuwa yetu. Tulisafiri kwa lori lile lile la vyakula, tukafika jua likielekea kutua. Kesho yake koplo aliingizwa bila kofia na bila mkanda, akasimama imara mbele ya meja aliyeisikiliza kesi. Alikuwa na watoto wanne na miaka 11 ya utumishi. Lau angepatikana na hatia, angepoteza tepe zake mbili na mshahara uliofuatana nazo.

Meja alimwuliza kwa Kiswahili kwa nini aliendelea kuyaacha magari barabarani hali mkuu wa kikosi amekataza.

"Afande," alijibu koplo, "sikusoma mahali palipokataza. Nilisoma kwamba mkuu hayaoni magari vizuri. Nikafanya ayaone."

Hakuna aliyecheka. Meja alilitwaa tangazo, akalisoma mara mbili, kisha akatugeukia sisi, akatuuliza ni nani aliyeliandika. Tukajibu kwamba ni sisi. Akatuuliza tena: kama tulitaka kukataza, neno la kukataza li wapi? Tulilitafuta katika karatasi ile, nalo halikuwamo.

Mashtaka yalifutwa. Koplo akarudishiwa mkanda wake, akapiga saluti, akatoka. Sisi tukabakizwa ndani, na maneno tuliyoambiwa hayakuwa na mtazamo hafifu wala ukungu wowote. Yalikuwa Kiswahili kitupu. Kisha tukaamriwa kukaa pale pale mezani na kuliandika upya tangazo kwa lugha zote mbili. Tuliandika hivi: "Ni marufuku kuliacha gari la jeshi kando ya barabara usiku. Magari yote yaingizwe ndani ya kambi. Dereva atakayevunja amri hii atashtakiwa." Tangu siku hiyo hakuna lori lililolala nje ya lango lile kwa muda wote tuliotumika katika kikosi hicho.

TUFANYEJE?

Kwa maofisa wenzetu, ushauri wetu ni mmoja. Amri iwe na neno la amri ndani yake: fanya, usifanye, ni marufuku, ni lazima. Misemo mizuri tuiache kwa hotuba za chakula cha jioni. Na anayetoa amri amwombe anayeipokea airudie kwa maneno yake mwenyewe, kama tufanyavyo katika simu ya upepo, kabla hajasema kwamba imeeleweka.

Kwa askari wa ngazi zote, tunasema kwamba kuuliza si ujinga. Ukisoma kwamba mkubwa ana "dim view" ya jambo, jua kwamba jambo hilo hulipaswi kulifanya tena, kuanzia saa hiyo. Na ukikutana na msemo mwingine usioujua, usitosheke na kamusi peke yake, kwa kuwa kamusi hukupa neno moja moja, na msemo maana yake imo katika mkusanyiko wa maneno yote. Mwulize aliyeuandika. Kama ni mtu mwenye busara atakushukuru.

Kwa ndugu zetu polisi, tunaomba maelezo ya shahidi yaandikwe kwa maana yake, na pale penye msemo wa lugha ya kwao, maneno yenyewe aliyoyatamka yahifadhiwe kando ya tafsiri. Mstari mmoja wa ziada katika karatasi waweza kumwokoa mtu asiye na hatia.

Kabla ya kurejea Jinja tulikwenda hospitali kumwona yule mzee wa baiskeli. Tulimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa plasta, na mjukuu wake akimmenyea chungwa. Tukamwamkia, tukajitambulisha, tukamwomba radhi. Alitusikiliza kwa upole. Kisha akauliza: "Wanangu, karatasi hiyo ilikuwa imesema nini hata magari yakabaki barabarani?"

Tukamtafsiria neno kwa neno, kwamba mkuu huyatazama kwa kiza magari yanayolala njiani. Mzee alitutazama kwa muda, akautazama mkono wake, akaguna mara moja tu: "Mh!"

Guno hilo hatukuhitaji kamusi kulielewa.